Tumbo linavimba, labo haioni kitu: tuongee juu ya chakula ambacho mwili hauvumilii



Wengi wetu tunajua huu mzunguko. Tumbo linanguruma, linajaa gesi, linakata kidogo, kisha mbio ku choo. Unaenda labo, wanakuandikia amibe. Unakunywa dawa siku saba, unapata nafuu, kisha nyuma ya wiki mbili inarudi. Unaenda tena, safari hii wanasema tifoide. Unakunywa zingine. Mara ya tatu hawaone kitu, na hapo sasa maneno inaanza mu familia: "Huyu, batu walimulisha kitu."

Mimi si dokta. Nilisoma agronomia. Lakini agronomia inafuata chakula tangu udongo mpaka ku sahani, na mu kozi ya teknolojia ya maziwa kuko somo moja ambalo wengi wetu tulilisoma juu ya ekzame tu, tukaliacha palepale ku otitwari. Ni somo juu ya sukari ya maziwa. Leo ninataka tulitoe kule tulilete nyumbani, juu linaweza kuokoa pesa yako ya minervali, tumbo lako, na pengine amani ya familia yako.

Kwanza tutenganishe mambo tatu

Watu wakisema "chakula kimenifanya vibaya", wanachanganya mambo tatu ambayo hayafanane.

La kwanza ni sumu. Muhogo mchungu ambao haukuloweshwa siku za kutosha unabakia na sianidi. Samaki iliyolala nje ku jua inaweza kuleta sumu hata kama uliichoma vizuri. Hapo shida iko mu chakula chenyewe, na kila mtu aliyekula sehemu ya kutosha anaweza kuugua.

La pili ni aleji. Hapo ni askari wa mwili, kinga yetu, ndio wanakosea adui. Karanga, yai ao samaki inaingia, mwili unapiga vita. Mtu anatoka vipele, midomo inavimba, anaweza kukosa pumzi. Kidogo tu inatosha kuleta hatari. Mtu wa namna hiyo asifanye majaribio ya nyumbani hata kidogo. Aende hospitali.

La tatu ni ile kwa Kifaransa wanaita entolerans, yaani mwili hauvumilii chakula fulani. Hakuna sumu, hakuna vita ya kinga. Ni kwamba tumbo halina chombo cha kukata kile chakula, ao liko nacho kidogo. Hapa kipimo ndicho kinahesabu: kidogo kinapita, mingi inaleta fujo. Haiue, lakini inasumbua sana, na ju ya labo ya kawaida haionekane. Basi ile "hatuone kitu" ya labo inaweza kuwa kweli kabisa, na wewe pia unaumwa kweli kabisa. Mambo yote mbili inaweza kwenda pamoja.

Maziwa: mfano ulio wazi kuliko yote

Maziwa ya ng'ombe iko na sukari inaitwa laktozi, karibu gramu 5 mu mililita 100. Glasi ya mililita 250 inakuwa basi na gramu 12 hivi. Laktozi ni sukari mbili zilizoshikamana, glukozi na galaktozi. Damu haiwezi kuipokea ikiwa bado imeshikamana. Lazima ikatwe. Kisu kinachoikata ni enzimu inaitwa laktazi, na inakaa ku ukuta wa utumbo mwembamba.

Mtoto mchanga anazaliwa na laktazi mingi, juu maziwa ya mama iko na laktozi kupita ile ya ng'ombe, karibu gramu 7 mu mililita 100. Lakini nyuma ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi mwili unapunguza ile enzimu pole pole. Si ugonjwa. Ni vile wanyama wote wanaonyonyesha wako: ndama akikua anakula majani, hatafuti tena ziwa. Karibu watu wazima wawili mu kila watatu duniani hawakate laktozi vizuri. Kwa hesabu hiyo, mwenye kukunywa glasi mbili bila shida ndiye tofauti, si wewe.

Sasa laktozi isiyokatwa inafanya nini? Inashuka mpaka mu utumbo mkubwa. Njiani inavuta maji, kama vile chumvi inavuta maji ya samaki. Ndiyo maana kuhara. Kule chini bakteria wanaikuta, wanaichachusha sawa vile ndizi inachacha mu mtumbwi wa kasiksi, na wanatoa gesi: hidrojeni, gesi ya kaboni, kwa wengine metani. Ndiyo maana tumbo linavimba, linapiga kelele na kukata. Mara mingi inaanza kati ya nusu saa na masaa mawili nyuma ya kukunywa, hata kama kwa wengine inachelewa kidogo.

Kwa nini basi wengine wanakunywa na hawasikie kitu? Mu mwaka wa 2002 watafiti wa Finland walionyesha badiliko ndogo ya jeni inayofanya laktazi isizimike kwa watu wa Ulaya. Mu mwaka wa 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba ku Afrika ya Mashariki, kati ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudani, kuko mabadiliko mengine, yaliyotokea peke yake, mbali na ile ya Ulaya. Yaani mahali watu walifuga ng'ombe na kukunywa maziwa kwa maelfu ya miaka, mwili ulizoea kuweka kisu wazi.

Hapa ninaomba tuelewane vizuri. Mu Kivu yetu tunajua namna maneno ya maziwa na ng'ombe inaweza kugeuzwa haraka kuwa maneno ya makabila. Ile jeni haichore mpaka. Mu kikundi kimoja, hata mu nyumba moja, unakuta mwenye kuvumilia na asiyevumilia. Usipime tumbo la mtu ku jina lake.

Kwa nini dawa ya amibe inaonekana kusaidia

Hii ndiyo swali wenzangu wananiuliza sana: "Kama si amibe, mbona nilipata nafuu?"

Kuko sababu zaidi ya moja. Ya kwanza, wakati unaumwa unabadilisha chakula. Unaacha chai ya maziwa, unakula wali mweupe na ndizi ya kuchemsha. Ni chakula ndicho kilikupumzisha. Ya pili, ile dawa inaua pia bakteria fulani wa utumbo mkubwa, hao hao wanaotoa gesi, kisha wanarudi. Ya tatu, hizi shida zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe.

Na amibe yenyewe? Kuko amibe mbili zinazofanana kabisa ku mikroskopi. Moja, Entamoeba histolytica, inaleta ugonjwa kweli. Ingine, Entamoeba dispar, inakaa mu tumbo bila kumfanya mtu kitu. Mwenye labo akiona kiste zake, mikroskopi peke yake haimwambie ni gani. Si kosa lake. Vilevile ile ekzame ya tifoide ya damu inayotumikishwa mingi kwetu, Widal, inaweza kutoka na alama ya ugonjwa wa zamani. Sisemi musiende labo. Amibe na tifoide ziko, zinaua. Ninasema hivi: kama umetibiwa mara tatu kwa ugonjwa uleule na unarudi, inafaa kumuuliza dokta swali ingine, si kuongeza tu antibiotike ya nne. Antibiotike ya bure inafundisha bakteria kuzoea dawa, na siku utaihitaji kweli haitasaidia.

Maneno ya karuho

Sasa nifike ku jambo lililonisukuma kuandika. Huku Bukavu na mu vijiji vya kandokando, tumbo lisiloeleweka liko na jina: karuho. Sumu ya watu. Na mwenye jina hilo lazima atafute mwenye kuitia.

Kijana mmoja wa promosyo yetu, sitamtaja, alikuwa anaenda kwa mama mdogo wake kila Siku ya Mungu. Kila akirudi, usiku ni tumbo. Juma tatu hadi Posho, hakuna kitu. Siku ya Mungu, tumbo tena. Akahesabu: moja na moja, mbili. Akaacha kula kule. Akaambia ndugu zake. Wazee wakaanza kukaa. Alipelekwa kwa mganga, wakamtapisha mpaka akakosa nguvu.

Tulipokuwa tunaongea, nikamuuliza swali ya kiagronomu tu: "Kwa mama mdogo munakulaka nini?" Akasema bugali, sombe, nyama siku zingine. "Na kisha?" Akasema mama mdogo anamwekea maziwa ya kuchemshwa, kopo kubwa lote, juu bwana yake anayo ng'ombe mbili, na maziwa ni heshima. Kule chumbani kwake mu muji hakunywi maziwa, anakunywa chai kavu na mkate.

Nikamwomba afanye jaribio nitakaloeleza chini. Alikunywa maziwa ile ile kiasi, aliyonunua yeye mwenyewe ku soko na kuchemsha yeye mwenyewe mu chumba chake. Masaa mawili hayakupita. Nyuma ya siku kadhaa akajaribu mashanza, glasi ndogo, hakuna kitu. Mama mdogo alikuwa anampa kitu cha thamani kuliko vyote mu nyumba yake, na kile kitu ndicho kilitaka kumfanya aitwe mchawi.

Sisemi kila tumbo ni maziwa, na sisemi hakuna mtu anayeweza kutia mwingine sumu. Ninasema tuweke maziwa, maharagi na vitunguu ku orodha ya washukiwa mbele ya kuweka mama wa mtu. Tunajua mu jimbo letu mashtaka ya namna hii inaishia wapi.

Jaribio la nyumbani, hatua kwa hatua

Ku hospitali kubwa za inchi zingine wanapima hidrojeni mu pumzi nyuma ya kukunywesha mtu laktozi. Kwetu si rahisi kuipata. Lakini daftari na kalamu unazo.

1. Siku saba za kwanza usibadilishe kitu. Andika tu: ulikula nini, saa ngapi, tumbo lilifanya nini, saa ngapi. Wengi wanakuta jibu hapa hapa.

2. Kisha wiki mbili bila maziwa: ya ng'ombe, ya mbuzi (nayo iko na laktozi, usidanganywe), na ya unga. Maziwa ya unga ni maziwa yaliyotolewa maji tu: mu gramu 100 kuko zaidi ya gramu 35 za laktozi. Angalia pia uji wa masoso ambao watu wanaongeza unga wa maziwa ndani. Vitu vingine usivibadilishe, hapana hutajua ni nini kilisaidia.

3. Kama hakuna mabadiliko yoyote, rudisha maziwa. Si yeye mwenye kosa. Hii hatua watu wengi wanairuka, wanabaki wanajinyima bure.

4. Kama umepata nafuu, rudisha kwa makusudi: glasi moja ya mililita 250, asubuhi, tumbo likiwa wazi, siku ambayo huna otitwari wala safari. Andika masaa. Fanya tena nyuma ya siku tatu. Ikijirudia sawasawa, umepata jibu la kumpelekea dokta.

5. Kisha tafuta kipimo chako. Hapa kuko habari njema: wengi wasiovumilia laktozi wanaweza kupitisha gramu 12 hivi kwa mara moja bila shida kubwa, zaidi sana kama ni pamoja na chakula. Maziwa kidogo mu chai haisumbue watu wengi. Ni kopo lote, tumbo likiwa tupu, ndilo linaleta vita.

Kile babu zetu walifanya tayari

Kuchemsha maziwa haiondoe laktozi. Inaua viini, na ni lazima ufanye hivyo, juu maziwa mabichi inaleta bruseloze na magonjwa mengine. Lakini sukari inabakia palepale.

Kinachoiondoa ni bakteria. Mu mashanza na mu yogati, bakteria wanakula sehemu ya laktozi na kuigeuza asidi. Ndiyo ile uchachu. Tena wanaingia na enzimu yao wenyewe mu tumbo lako, wanakusaidia kukata ile iliyobakia. Mu fromaji, zaidi ya nusu ya kazi inafanywa wakati wa kukamua: laktozi inaondoka na maji ya maziwa, na kidogo inayobakia inaliwa na bakteria wakati fromaji inakomaa. Ndiyo maana fromaji ya Masisi iliyokaa vizuri inapita mu tumbo la watu wengi ambao glasi ya maziwa inawashinda. Wafugaji wetu hawakuwa na labo, lakini gudulia lao lilijua kazi.

Washukiwa wengine

Maharagi. Hapa sisi wote ni sawa: hakuna mwanadamu mwenye enzimu ya kukata rafinozi na stakiozi, sukari za maharagi. Tofauti ni kiasi cha gesi na namna utumbo wako unaisikia. Dawa ni ya jikoni: lowesha usiku mzima, mwaga yale maji, pika na maji mapya mpaka ziive kabisa.

Kitunguu, kitunguu saumu na ngano ziko na fruktani, ambazo pia zinachacha. Ku chuo kikuu cha Monash, mu muji wa Melbourne, watafiti walikusanya hizi sukari zote zinazochacha mu kundi moja na kutunga namna ya kula kwa wenye utumbo unaosumbuka. Ni nzuri, lakini iko ngumu, na haifai kuifanya peke yako miezi na miezi.

Ngano iko na jambo lingine pia, ugonjwa wa seliaki, ambao si entolerans ya kawaida: gluteni inafanya kinga ya mwili kushambulia utumbo. Kama unauwazia, usiache mkate mbele ya kupimwa, juu ekzame yake inahitaji uwe bado unakula ngano. Bugali wa muhogo ao wa mahindi, wali, ndizi, viazi, mtama, hivyo havina gluteni.

Na kitu kimoja wazazi vijana washike: mtoto aliyehara sana anaweza kupoteza laktazi kwa muda, juu ukuta wa utumbo umejeruhiwa. Ule ukuta unapona nyuma ya wiki kadhaa, na enzimu inarudi. Musimwachishe mtoto ziwa la mama juu ya hilo. Aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS, na apelekwe santre ya afya.

Wapi usikae nyumbani na daftari

Damu mu choo, ao choo nyeusi kama lami. Kupoteza kilo bila kutaka. Homa. Kuamshwa usiku na kuhara ao maumivu. Kutapika kusikoisha. Upungufu wa damu. Shida iliyoanza mu uzee. Mtoto asiyeongeza kilo. Moja tu ya hizi inatosha: enda kwa dokta leo, jaribio la maziwa lingojee.

Na muepuke vile vipimo vinavyouzwa ku intaneti, vya nywele ao vya damu, vinavyokuletea orodha ya vyakula 40 vya kuacha. Ile antikorpo ya IgG wanayopima inaonyesha mara mingi kwamba ulikula kile chakula, si kwamba kinakudhuru. Mwanafunzi anayekula mara moja ao mbili ku siku hana nafasi ya kuondoa vyakula 40. Ukiondoa maziwa, weka kitu badala: sambaza ao ndagala nzima na mifupa yake, lenga-lenga, soya, mashanza kama inapita. Kalsiyumu lazima itoke mahali.

Tulisoma juu ya kujua sababu ya vitu. Mbele ya kununua dawa ya nne, na mbele ya kutaja jina la mtu, nunua daftari. Kama unajua mwenzako ambaye tumbo linamsumbua na familia imeanza kunong'ona, mtumie hii andiko leo. Na wewe uliyefanya jaribio, tuandikie chini hapa umekuta nini. Tutajifunza pamoja.